Swali la Daktari kwa Mama Schanz: Kukisoma Upya Kitabu cha Nellie Bly

Kitabu cha Nellie Bly, Ten Days in a Mad-House, kina umri wa karibu miaka 140, na bado watu hukisifia jambo lile lile: ujasiri wa mwandishi wake. Binti wa miaka 23, mwaka 1887, anajifanya kichaa ili afungiwe katika hospitali ya wanawake wendawazimu huko New York. Anakaa siku kumi, anatoka, anaandika, wakubwa wanaaibika. Ni simulizi tamu, tena ya kweli. Lakini nimekirudia kwa mara ya tatu mwezi huu, na nazidi kuamini kwamba sifa hiyo inatufanya tukisome vibaya. Tunamtazama Bly mno hadi hatuwaoni wanawake waliokaa naye kwenye benchi. Na hao ndio kitabu chenyewe.

Kwa wasiokijua, kisa kiko hivi. Bly, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Elizabeth Cochran, alikuwa ameacha gazeti la Pittsburgh lililomzoesha habari za mitindo ya nguo, akaenda New York kutafuta kazi ya maana. Gazeti la New York World, mali ya Joseph Pulitzer, likampa mtihani: aingie hospitali ya Blackwell's Island, kisiwa chembamba kilichomo katikati ya mto East River, aone wagonjwa wanavyotunzwa. Namna ya kuingia, atajua mwenyewe. Namna ya kutoka, wataitafuta baadaye.

Namna ya kuingia ikawa rahisi kuliko alivyotegemea, na sura za mwanzo zinachekesha kwa sababu hiyo. Bly anasimama mbele ya kioo akijizoesha kukodoa macho. Anasoma hadithi za mizimu ili ajitie hofu. Anapanga chumba katika nyumba ya wanawake wafanyakazi, anakataa kulala, anadai kila aliyemo humo anaonekana kichaa, anaulizia masanduku yake ambayo hayapo. Ukweli ni kwamba anaigiza vibaya. Kichaa chake ni kile cha jukwaani, cha macho makubwa na maneno yasiyoungana. Asubuhi polisi wanaitwa. Hakimu Duffy anamwonea huruma, anaona ni binti wa watu waliostaarabika, lakini anampeleka mbele. Katika hospitali ya Bellevue madaktari wanamtazama ulimi, wanamshika mapigo ya moyo, wanamchungulia macho, na mmoja anamuuliza maswali ya kutaka kujua kama yeye ni malaya. Kisha wanaamua: huyu hana matumaini ya kupona. Huku nje magazeti mengine yanaandika habari za msichana wa ajabu asiyejulikana, bila kujua kwamba ni mwandishi mwenzao.

Unacheka, halafu kicheko kinakukwama. Maana kama maigizo mabaya kiasi hicho yamewapita hakimu, polisi na madaktari kadhaa, basi hakuna aliyekuwa anapima chochote. Katika safari yote ile hakuna aliyemuuliza Bly swali ambalo jibu lake lingeweza kumwokoa.

Akifika kisiwani anaacha kuigiza. Anaongea na kutenda kama kawaida yake. Na hapa ndipo kitabu kinapobadilika kutoka mchezo kuwa jinamizi: anasema kadiri alivyozidi kuongea kama mtu mwenye akili timamu, ndivyo walivyozidi kumwona kichaa. Anayemsoma kwa haraka atadhani hii ni kejeli ya mwandishi. Mimi naiona kama maelezo sahihi ya jinsi mtambo ule ulivyofanya kazi. Ukishabandikwa jina, kila unachofanya kinakuwa dalili. Ukilia, ni ugonjwa. Ukikasirika, ugonjwa. Ukikaa kimya, ugonjwa. Na ukisema "mimi ni mzima," basi huo ndio ugonjwa mkubwa zaidi, kwa sababu mgonjwa wa kweli hajui kwamba anaumwa! Utatokea wapi hapo?

Sasa nije kwenye tukio ambalo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa kitabu. Halikuchukui hata dakika mbili kulisoma, na ni rahisi kulipita. Ni la mama mmoja anayeitwa Louise Schanz.

Mama Schanz ni Mjerumani na hajui Kiingereza. Anaitwa mbele ya daktari, anaulizwa jina kwa sauti kubwa, ile sauti tunayoitumia wote tukidhani kwamba asiyejua lugha yetu ni kiziwi. Anajibu kwa Kijerumani kwamba haelewi. Daktari anamgeukia nesi, anamwambia wewe si Mjerumani, hebu ongea naye. Nesi anakataa, anadai anajua maneno machache tu. Bly anaona wazi kwamba anaionea haya lugha ya kwao. Daktari anashikilia: muulize mumewe anafanya kazi gani. Wanacheka wote wawili, kama watu wanaotaniana. Hatimaye nesi anauliza, jibu linapatikana, daktari anamtania kwamba alikuwa anamdanganya bure, na mambo yanaishia hapo. Mama Schanz ameshapimwa akili. Anatolewa chumbani akilia, akiuliza kwa lugha yake yuko wapi, akiomba aachiliwe.

Fikiria hilo swali kidogo. Mtu anakaribia kufungiwa pengine maisha yake yote, na jambo la pekee ambalo daktari anahangaika kulitafutia mkalimani ni kazi ya mumewe. Hata hilo linaulizwa kwa mzaha, kama kichokoo cha kumchokoza nesi. Bly anakasirika, anasema mhalifu hupewa kila nafasi ya kuthibitisha kwamba hana hatia, na kwamba afadhali ushtakiwe kwa mauaji kuliko kutangazwa mwendawazimu. Sisi tuna msemo wetu, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mama Schanz alinyongwa, na haki yake hakupewa, kwa sababu ya kukosa mtu wa kutafsiri sentensi tatu.

Sidhani kama msomaji wa Kiswahili anahitaji kuelezwa sana tukio hili. Wengi wetu tumewahi kuwa wakalimani wa bibi zetu hospitalini au ofisini, tukiwa watoto tu, tukitafsiri mambo tusiyoyaelewa. Tanzania ilifika mwaka 2021 ndipo sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, mtu aliweza kusimama kizimbani na hukumu yake ikaandikwa kwa Kiingereza asichokijua. Tunajua uzito wa kuamuliwa jambo lako katika lugha ambayo huna. Ndiyo maana nasema tukio la Mama Schanz linatuhusu kuliko ule ujasiri wa Bly, ambao wengi wetu hatutauhitaji kamwe.

Ukishalishika tukio hilo, wengine wote ndani ya kitabu wanaanza kuonekana. Yupo Margaret, mpishi. Amemaliza kusugua sakafu ya jiko, watumishi wenzake wanakuja kuichafua makusudi, anakasirika na kugombana nao, polisi anaitwa, Margaret anaishia kisiwani. Jamani, sakafu! Yupo Sarah Fishbaum, aliyeletwa na mumewe kwa madai kwamba anapenda wanaume wengine. Yupo Tillie Mayard, dada mgonjwa aliyedhani anapelekwa mahali pa kupumzika ili arejeshe nguvu. Alipotambua alipo alimtaka daktari ampime akili yake pale pale. Daktari akamjibu kwamba wanayotaka kuyajua wameshayajua.

Tillie ndiye anayeniumiza zaidi, kwa sababu Bly anamfuatilia siku hadi siku na tunamwona akiporomoka. Maji ya baridi kama barafu yaliyomwagwa kichwani kwa ndoo. Nywele mbichi na nguo nyepesi katika wodi yenye baridi. Siagi iliyooza. Na mabenchi: kukaa wima tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, bila kuruhusiwa kuongea wala kujinyoosha, bila kitu cha kusoma, bila habari za nje. Bly anatoa hoja ambayo hadi leo sijaona pa kuipinga: mchukue mwanamke mwenye afya kamili, umfanyie hivyo kwa miezi miwili, na utakuwa umemharibu akili na mwili. Yaani hospitali ile haikuwa inawafungia wazima kwa makosa tu. Ilikuwa inawatengeneza wagonjwa.

Basi nikisifie kitabu hadi mwisho? Hapana, kina kasoro, na kasoro yake inafundisha. Bly anapenda kuwagawa wanawake wale mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wazima walioonewa: hawa wana majina, wana visa, wanaongea. Fungu la pili ni wendawazimu wa kweli: hawa mara nyingi ni kelele, ni nywele timtim, ni mstari wa watu waliofungwa kwenye kamba moja ndefu wakitembezwa bustanini. Anawahurumia, ndiyo, lakini kwa mbali. Hoja yake ya msingi inabaki kwamba mabaya haya yanatisha kwa sababu yanawapata watu wasiostahili kuwa pale.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Tukisema "wanawake waliofungiwa kimakosa," bila kukusudia tunadokeza kwamba wapo waliofungiwa kwa usahihi, na kwamba hao maji ya barafu yaliwafaa. Hivi yule aliyekuwa anaumwa kweli, siagi iliyooza ilikuwa haki yake? Kitabu chenyewe kinamsaliti mwandishi wake hapa, kwani matukio aliyoyaona ni makubwa kuliko hoja aliyokwenda nayo. Kinaanza kwa kuuliza nani ni mzima na nani ni kichaa. Lakini Mama Schanz, Margaret na Tillie wanalibadilisha swali bila ruhusa yake. Swali linakuwa: nani alisikilizwa?

Ukilitumia swali hilo kama kipimo, linafungua na vitabu vingine. Nitatoa viwili.

Cha kwanza ni maisha ya Elizabeth Packard, aliyefungiwa katika hospitali ya Jacksonville, Illinois, miaka 27 kabla ya Bly. Mumewe alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Mama huyu, mwenye watoto sita, alianza kutoa maoni ya dini yanayopingana na mahubiri ya mumewe, tena hadharani. Sheria ya Illinois wakati ule ilimruhusu mume kumpeleka mkewe hospitali ya wendawazimu bila ule ushahidi uliotakiwa kwa watu wengine. Idhini yake na ya mkuu wa hospitali zilitosha. Juni 1860 akachukuliwa. Alikaa miaka mitatu, akiandika kwa siri. Alipotolewa, mumewe akamfungia nyumbani, madirisha yakapigwa misumari. Akafanikiwa kutoa barua kupitia dirishani, jirani akaifikisha kwa hakimu, na Januari 1864 kesi ikasikilizwa mbele ya jopo la raia. Jopo lilichukua dakika 7 kuamua kwamba ana akili timamu.

Miaka mitatu ndani, dakika 7 kutoka. Hakuna kilichobadilika katika akili ya Packard kati ya 1860 na 1864. Kilichobadilika ni kwamba safari hii watu walikaa wakamsikiliza. Aliporudi nyumbani alikuta mumewe ameshaondoka na watoto na mali. Hakukaa kulia. Aliandika vitabu, akaviuza mwenyewe, akawasumbua wabunge, na mwaka 1867 Illinois ikapitisha sheria kwamba mtu asifungiwe kwa wendawazimu bila kusikilizwa na jopo. Ukilinganisha, Packard ni mwandishi mzito na anayejirudiarudia; Bly anamshinda kwa mbali katika kusimulia. Lakini Packard alielewa mapema kitu ambacho Bly anakigusa tu: dawa ya uonevu huu ilikuwa kumpa kila mtu sikio la lazima, kwa sheria. Huruma ya daktari mmoja mmoja haikutosha.

Cha pili kinatuleta Afrika, na kinaniweka mahali pagumu zaidi, maana mwanamke wake hakuandika chochote. Nontetha Nkwenkwe alikuwa Mxhosa wa Ciskei, Afrika Kusini. Baada ya homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 alianza kuona maono na kuhubiri: watu waache pombe, waungane, wasomeshe watoto. Yeye mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Mei 1921 polisi waliwaua wafuasi wengi wa nabii mwingine huko Bulhoek, na tangu hapo serikali ikawa inamwogopa kila Mwafrika anayekusanya watu kwa jina la Mungu. Mwaka 1922 Nontetha akakamatwa na kupelekwa hospitali ya wendawazimu ya Fort Beaufort. Wafuasi wake walipozidi kumfuata huko, mwaka 1924 akahamishiwa mbali, Weskoppies, Pretoria. Mwaka 1927 wafuasi walitembea kwa miguu kutoka Ciskei hadi Pretoria kwenda kumwona. Hakuachiliwa. Alifia huko mwaka 1935, akazikwa kaburi la maskini lisilo na alama. Wanahistoria Robert Edgar na Hilary Sapire walieleza maisha yake katika kitabu African Apocalypse, kilichotoka mwaka 2000, miaka miwili baada ya mabaki yake kufukuliwa na kurudishwa kwao.

Nontetha hakuwa na gazeti la kumtumia wakili kama Bly. Hakuwa na jopo la watu wa lugha yake kama Packard. Alikuwa na umati uliomsadiki, na kwa wakubwa wale umati huo ndio uliokuwa hofu yao. Kinachobaki kwake ni jalada: barua za maofisa, maandishi ya madaktari, na kumbukumbu za waumini. Edgar na Sapire wanafanya kazi nzuri kwa sababu hawakimbilii kutuapia kwamba alikuwa mzima kabisa wa akili. Wanauliza nani alikuwa na mamlaka ya kuita maono yake ugonjwa, na aliyaita hivyo kwa faida ya nani. Hili ndilo swali ambalo Bly angeuliza kama angekaa siku ya kumi na moja.

Nasema hivyo kwa upendo. Bly alitoka kwa sababu gazeti lake lilimtuma wakili, Peter Hendricks, aseme kuna jamaa walio tayari kumchukua. Anakiri kwamba alitoka kwa furaha na kwa majuto, akiwaacha wenzake. Kitabu kinamalizikia na ziara ya jopo la uchunguzi la raia, ambalo alirudi nalo kisiwani. Walikuta jiko limesafishwa. Baadhi ya wanawake aliowataja walikuwa wamehamishwa. Hata hivyo jopo lilimwamini, na Bly anajivunia kwamba jiji liliongeza dola 1,000,000 kwa mwaka za kuwatunza wagonjwa wa akili.

Nimekaa na ukurasa huo muda mrefu. Jopo lilimwamini Bly huku ushahidi mwingi ukiwa umeshaondolewa. Lilimwamini kwa neno lake. Kisiwani mle walikuwamo wanawake wapatao 1,600, na miongoni mwao wapo waliokuwa wanasema maneno yale yale kila siku, kwa Kiingereza, kwa Kijerumani na kwa lugha nyingine, kwa manesi wale wale na madaktari wale wale. Neno lao halikuwa ushahidi. Lilikuwa dalili.

Kitabu hiki hakina tena haki za uchapishaji, kwa hiyo unaweza kukisoma bure mtandaoni, na kwa Kiingereza chepesi tu. Kisome. Ila ukikisoma, shika kalamu, na kila anapotokea mwanamke mwenye jina, liandike pembeni pamoja na kosa lake. Schanz: hajui Kiingereza. Margaret: alikasirika kwa ajili ya sakafu. Fishbaum: mumewe kasema. Mayard: aliomba apimwe. Orodha hiyo itakusaidia siku utakaposikia, mtaani kwetu Dodoma au Nairobi, mwanamke anayedai haki yake akiambiwa kwamba huyo apelekwe Milembe, huyo wa Mathari. Sisi tunacheka, tunaona ni utani. Mimi sasa najikuta nauliza alikuwa anasema nini kabla hajaitwa hivyo.